Nyeupe Huwekwa Mwisho

Msichana wa kwenye karatasi hakuwa na macho. Alikuwa na nywele ndefu zinazopeperukia upande mmoja, kidevu chembamba, pua ndogo kama nukta na koti refu la vifungo vinane, vyote vya penseli. Mahali pa macho palikuwa na miviringo miwili mikubwa mitupu, na ndani ya kila mmoja kiduara kidogo. Festus Wanyonyi alimkuta ndani ya daftari kuukuu la hesabu la binti yake Joan, siku ile ile dada yake Phelista alipompigia simu kutoka Bungoma.

"Festo, huyu mtoto wako ameacha kuchora," Phelista alisema.

"Si ni vizuri? Atajifunza kushona."

"Hata kushona hashoni. Anaweka vifungo kwa yunifomu za shule kutoka asubuhi mpaka jioni, hasemi kitu. Chaki ya kitambaa iko hapo, wiki ya tano hii hajaigusa. Kwani ulimfanyia nini?"

Festus akajibu kwamba hajui. Alijua.

Alikuwa mchoraji wa mabango pale Tuwan, Kitale. Shule aliiacha darasa la sita, akafunzwa kazi na mzee mmoja aliyeitwa Kiarie, na kwa miaka thelathini alikuwa ameandika karibu kila bucha, kinyozi na duka la dawa za mifugo mtaani. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Shida ilikuwa mdomo. Mdomo wa Festus ulitangulia, yeye akaja nyuma.

Joan, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, alichora watu wa anime, zile katuni za Kijapani. Festus aliwaita watu wa macho ya lori, kwa vile macho yao yalikuwa makubwa kama taa za lori. Aliona ni mzaha mzuri, akaurudia kila siku. Kisha mwezi wa nne akaja mteja mwenye haraka, anataka bango la maziwa. Festus akatafuta kitu cha kuandikia vipimo, akaokota karatasi iliyolala mezani, akaigeuza, akaandika kwa kalamu nene: FUTI NNE KWA MBILI. Wino ukapenya. Upande wa pili kulikuwa na mvulana mwenye upanga ambaye Joan alimpaka rangi kwa wiki tatu. FUTI NNE ikatokea usoni mwake, kinyumenyume.

"Baba," Joan alisema.

"Si ni karatasi tu, mama. Utachora ingine."

Mteja akacheka. Joan hakulia. Kesho yake alikwenda Bungoma kwa shangazi yake, akaacha kalamu zake za maka juu ya meza, ishirini na nne, zimepangwa kutoka rangi hafifu hadi nzito, kama mtu anayerudisha vitu vya wenyewe.

Basi Festus akamtazama yule msichana asiye na macho, akakata shauri. Angemalizia kumchora yeye mwenyewe. Jumamosi mteja wake Kemboi angepeleka lori lake la mahindi Bungoma, na ubao wa nyuma wa lori lile Festus ndiye aliyeupaka, kwa hiyo nafasi ya kukaa haingekosekana. Angempelekea Joan msichana wake akiwa mzima. Mtu akiona kazi yake imesimama, hawezi kukaa na vifungo. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Alhamisi alianza na wino. Mvua ya Kitale hushuka saa tisa mchana kama mtu aliyeajiriwa, na ilipoanza kupiga mabati alifunga nusu ya mlango, akaweka karatasi chini ya dirisha, akachukua kalamu ya ncha nyembamba. Mkono wa kulia akauegemeza juu ya fimbo yake yenye kitambaa kichwani, ile anayoitumia kwenye mabango ili kiganja kisifute rangi mbichi. Akavuta pumzi, akaishika, akauvuta mstari kwa bega zima, si kwa vidole.

Mstari ukatoka mwembamba, ukanenepa katikati, ukaisha kama unyoya.

Festus akashangaa. Kumbe unywele ni herufi! Ni S ndefu iliyolazwa upande. Akavuta wa pili, wa tatu. Mvua ilikuwa imefuta mtaa wote nje. Hakuna pikipiki, hakuna redio ya kinyozi, kuna mabati yanayonguruma na nywele zinazoota kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Shingo. Kola. Pindo la koti likipanda na upepo. Alipofika kwenye kifungo cha nane alihisi upepo wenyewe, baridi, unatoka milimani, na hakuweza kusema kama umeingia kwa mlango au umetoka kwenye lile koti.

Akalaza kichwa kwenye mkono ili apumzishe macho kidogo.

Alikuwa katikati ya shamba la mahindi machanga, na mahindi yalikuwa ya penseli. Majani hayakuwa na rangi. Msichana alikuja kati ya mistari ile akitembea polepole, nywele zikielea kando kama yuko ndani ya maji. Usoni alikuwa na ile miviringo miwili mitupu, na kila alipogeuza kichwa mvua ilipita ndani yake ikatokea upande wa pili.

"Mzee," akasema, "wewe ni nani kwangu?"

Festus alitaka kusema yeye ni fundi tu. Mdomo haukufunguka.

"Na mimi naitwa nani?"

"Nafula," Festus akasema, maana mvua ilikuwa inanyesha, na kwao Wabukusu mtoto wa kike anayekuja na mvua haitwi vingine.

Msichana akainama kama anayelipima jina lile begani, kuona kama linamfaa. Kisha akanyoosha mikono, akaanza kupapasa njia ya kurudia, kutoka hindi hadi hindi.

Festus akaamka. Shavu lilikuwa limeganda kwenye fimbo. Mvua ilikuwa imekatika, na wino umekauka.

Ijumaa akapaka rangi. Joan alikuwa ameandika maneno madogo ya penseli pembeni: nywele zambarau, koti kijani, viatu udongo. Festus akaanza kama anavyoanza bango, na rangi nzito kwanza. Maka zilimsumbua. Rangi ya bango hulala pale unapoiweka. Hizi zilikimbia ndani ya karatasi zikanywewa, zikanuka spiriti, na ukirudia mahali mara mbili panazidi kuwa na giza. Hata hivyo zilikuwa tamu. Zambarau ilipoingia kwenye nywele, aliona kivuli kinajitengeneza chenyewe kama jioni inavyoingia kwenye bonde, na akajikuta anaimba wimbo wa kanisani bila maneno.

Akafika kwenye macho. Vile viduara viwili vidogo alivipita. Alijua ni vya nini, ni mwanga wa jicho. Lakini Kiarie alimfunza, na miaka thelathini ilimthibitishia, kwamba nyeupe huwekwa mwisho. Unapaka jicho lote, likikauka unadondosha nyeupe juu, na ng'ombe wa bango la bucha anakutazama. Kwa hiyo akajaza macho yote mawili, kahawia juu ya kahawia, mpaka yakawa meusi kama visima. Kisha akachukua maka moja aliyoiweka kando tangu asubuhi, ile yenye kifuniko cheupe.

Akaidondosha juu ya jicho la kushoto.

Haikutoka nyeupe. Yalitoka maji. Yakaisukuma ile kahawia pembeni, jicho likafanya baka kama ukuta uliovujiwa. Festus akajaribu tena, baka likapanuka. Akazimwaga maka zote mezani, akazifungua moja moja. Ishirini na nne, na hakuna nyeupe.

Rangi nyeupe ya mafuta ilikuwepo kwenye rafu, mkebe mdogo, pamoja na brashi ya manyoya kumi. Akavishika. Mkono ukatetemeka. Alisimama pale akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Karatasi moja ya huyu mtoto alikwisha kuiharibu. Hii ya pili alikuwa ameiharibu nusu. Akatia mkebe na brashi mfukoni, akamlaza msichana kati ya vipande viwili vya plaiwudi, akafunga kwa kamba.

Jumamosi saa nne alikuwa Bungoma, kwenye kibanda cha ushonaji cha Phelista karibu na soko la Chepkube. Joan aliketi kwenye ngazi, rundo la mashati ya shule mapajani, kopo la vifungo miguuni.

"Mulembe, Baba," akasema. Hakuinua kichwa.

"Mulembe. Nimekuletea mtu."

"Mtu gani?" Phelista akauliza kutoka kwenye cherehani. "Usiniletee mgeni, sijapika."

Festus akakata kamba, akafungua plaiwudi, akaiweka karatasi juu ya mashati. Sindano ya Joan ikasimama hewani. Phelista akaja akachungulia juu ya bega lake.

"Haki ya Mungu! Huyu msichana mrembo hivi, mbona ameamka bila kunawa uso?"

"Nani amepiga hizi laini?" Joan akauliza.

"Mimi."

"Na mkono tu?"

"Na fimbo."

Joan akafuata unywele mmoja kwa kidole, bila kuugusa, kutoka utosini hadi nchani. "Mimi nikivuta ndefu hivi inavunjika katikati," akasema polepole. Kisha akafika kwenye uso, na sauti ikawa ya mtu mwingine. "Lakini macho umeyaua."

"Nilikuwa naweka nyeupe mwisho."

"Baba, maka haina nyeupe! Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unaiacha. Si niliweka alama kabisa, vile viduara?"

"Na ile ya kifuniko cheupe?"

"Ile haina rangi. Ni ya kuchanganya."

Phelista alicheka hadi akashika mlango. "Bana! Fundi wa miaka thelathini anapaka mtoto maji machoni!"

Festus hakucheka. Alikuwa amepanga maneno tangu lori lilipopita Misikhu, maneno mazuri, marefu, na sasa hayakuonekana popote. Akachukua yaliyobaki.

"Ile nyingine haikuwa karatasi tu," akasema. "Nilikukosea. Na hii nimeiharibu pia. Ukitaka, itupe."

Joan alikuwa ameinamia jicho la kushoto, lile lenye baka. Akaipeleka karatasi kwenye jua, akairudisha kivulini.

"Hiyo nyeupe yenu ya mwisho," akasema, "uko nayo?"

Festus akatoa mkebe mfukoni, na brashi. Akaketi ngazi ya chini yake, plaiwudi magotini. Brashi akaichovya ncha tu.

"Niambie mwanga unatoka wapi."

"Kulia, juu. Hapo. Hapana, panda kidogo. Hapo."

"Nashika pumzi kwanza. Mkono hupumua pamoja na wewe."

Joan naye akashika pumzi, bila kuambiwa. Brashi ikashuka. Nukta moja. Ikahamia jicho la pili. Nukta moja.

Msichana akawatazama.

Soko lilikuwa linapiga kelele palepale nje na halikusikika. Festus aliyajua macho yale, ingawa hakuwa amepata kuyaona. Ndiyo yaliyokosekana kati ya yale mahindi ya penseli. Yalipita juu yake yakaenda kwa Joan, yakatulia huko.

Halafu mafuta yakaanza kutembea. Kuzunguka kila nukta karatasi ikanywa mafuta ya ile rangi, ukatokea mduara wa unyevu, ukapanuka ukatoka nje ya jicho hadi shavuni.

"Ah! Tena!" Festus akasema, akatafuta kitambaa.

"Usiguse."

"Inaharibika, mama."

"Nimesema usiguse. Maka umekuja nazo?"

Zilikuwa kwenye mfuko wa koti, zimefungwa na mpira. Joan akazitwaa, akatafuta bluu hafifu, akang'oa kifuniko kwa meno. Akazungushia ule mduara wa mafuta mstari mwembamba upande mmoja tu, na mduara ukawa tone, tone la maji linaloteremka shavuni likiwa na mwanga ndani. Akafanya la pili. Akasogea nyuma, akakunja uso. Akaongeza tone kwenye nywele, moja begani, matatu hewani, akiinamisha kila moja upande ule ule wa upepo.

"Anaitwa nani?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Sikuwa nimempa jina."

"Nafula," Festus akasema.

"Ati Nafula? Msichana wa anime?"

"Si amezaliwa mvua ikinyesha?"

Joan akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mkono haukusimama. Koti la kijani likaanza kulowa mabegani. Kopo la vifungo likapigwa na mguu, likaanguka ngazi mbili, vifungo vikatawanyika hadi kwenye kokoto.

"Joan!" Phelista akaita. "Hayo mashati yanachukuliwa saa nane!"

"Ngoja kidogo, Shangazi," Joan akasema, bila kuinua kichwa.

Festus alikuwa na neno la kusema hapo, mzaha kuhusu macho ya lori. Ulifika mpaka kwenye meno. Akaumeza, akapiga magoti, akaanza kuokota vifungo.