Msiba wa Uongo

Kabla ya kumshika Bwana Wilkes kwapani, Peninah alikaza mkanda aliojifunga tumboni, akavuta pumzi. Mzee alikuwa mzito kama gunia la viazi. Kumnyanyua ilikuwa kazi ya makea, yaani watunza wazee, wawili, na kampuni ililipwa ya wawili, lakini kila asubuhi katika fleti hiyo ya Nechells, ughaibuni, alitumwa peke yake. Kidonda kilichokataa kupona kilimchoma, akauma meno.

Kazini hakuna aliyejua habari za kidonda hicho. Mugambi, mumewe, aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Peninah alitaka kumpa figo yake, damu zao zikakataana. Hospitali ikawaoanisha na wanandoa wa mji mwingine wenye shida hiyohiyo: figo ya Peninah iende kwa mgonjwa wa kule, ya mwenzi wa mgonjwa yule ije kwa Mugambi. Nipe nikupe, siku moja.

Kikwazo kilikuwa ruhusa. Viza ya Peninah ilikuwa mikononi mwa Madam Jepchirchir, mwenye kampuni, na kea aliyeugua hakudumu kwake. Lakini Mkenya gani atamnyima Mkenya mwenzake ruhusa ya kuzika? Basi Peninah akamzika kwa mdomo mama mkwe wake, mwanamke mzima wa afya aliyekuwa Meru akichuma majani chai. Akina mama wa kanisa walikuja kuwapa pole, wakaimba, wakaomba. Mugambi alilia machozi ya kweli, kwa aibu.

Figo ya Peninah ilifika kwa mgonjwa wa kule, ikaanza kazi siku hiyohiyo. Ile aliyowekewa Mugambi iliganda damu, ikatolewa kabla ya wiki kwisha. Madaktari walisikitika, wakasema hakuna aliyekosea. Mugambi akarudi kwenye mashine, amekonda, hasemi. Viza ikikatika watarudishwa nyumbani, na huko mashine ni ya wenye nacho.

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo ya Bwana Wilkes, Peninah alikuwa amempigia Jepchirchir.

"Madam, naomba wiki moja tu. Mzee wangu Mugambi yuko admitted hospitali tena."

"Si nilikupatia ya mazishi? Ulienda home, ukakula mbuzi, ukarudi. Mimi nina clients, Peninah."

"Kusema ukweli, Madam, sikuenda..."

"Hukuenda wapi?"

Peninah alijirudi. Angesema, angefukuzwa kwa kudanganya. "Sikuenda kupumzika."

"Hakuna mtu anapumzika huku, dear. Kama kazi imekushinda sema, niandikie watu wa viza leo. Na usinizikie mtu mwingine mwaka huu."

Sasa, akiwa amembeba Bwana Wilkes nusu njia kati ya kitanda na kiti, simu ililia kwenye mfuko wa aproni. Namba ya hospitali. Akajua ni habari ya Mugambi. Aliibonyeza kwa kidole kimoja humohumo mfukoni, sauti ya spika ikajaa chumba.

"Peninah! Nina habari njema," alisema nesi wa watoaji figo. "Figo yako inafanya kazi ajabu. Aliyeipokea amesharudi kuogelea. Anakushukuru sana."

Peninah alimchukia mtu huyo wa kuogelea, ambaye hakumkosea lolote. Kisha akajichukia mwenyewe.

"Na mume wangu? Atapata nyingine lini?"

"Hilo ni la timu nyingine, samahani. Mimi nahudumia watoaji tu. Niambie, unapumzika? Huinui vitu vizito?"

Mikono ya Bwana Wilkes ilikuwa imemkaba shingoni. Mzee alimtazama, akafumbua mdomo kutaka kusema, Peninah akamtikisia kichwa.

"Siinui," alisema.

"Hongera. Laiti wote wangekuwa wasikivu kama wewe."

Mzee alianza kuteleza. Peninah alimbana kifuani kwa nguvu zote zilizobaki, akahisi umajimaji wa moto wa kidonda ukipenya mkanda na kushuka pajani, akamshukuru nesi kwa kupiga simu.