Nyuma ya Mbaazi

Kwa miaka minne Warda na kaka yake Rehani hawakusemezana, na pale Mitondwe hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Ilikuwa shamba. Mzee wao, Majid Likwata, alipolala kitandani miezi yake ya mwisho, Warda ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamfulia mashuka. Mume wake mwenyewe alikwishafariki, na binti yake Naima alikuwa shule ya msingi ya bweni Kilwa Masoko, kwa hiyo alikuwa na nafasi, kama watu walivyosema, ingawa hakuna aliyemuuliza kama nafasi hiyo anaitaka. Rehani alikuwa Liwale na mambo yake ya mbao. Siku mbili kabla ya kufa mzee akamwita imamu na mwenyekiti wa kijiji, akatamka mbele yao kwamba shamba la bondeni ni la Warda.

Rehani alirudi kwenye arobaini. Alipoelezwa, hakungoja hata matanga yamalizike vizuri, akaenda baraza la ardhi. Alisema mtoto wa kike akipewa ardhi anaipeleka kwa mwanamume mwingine. Alisema baba alikuwa ameshapotewa na akili. Akashindwa, ila hakurudi Liwale. Warda akapewa hati ya kimila, karatasi ngumu yenye muhuri na picha yake ndogo, mtandio wa kijani kichwani, macho yamekodoka kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka.

Basi siku ya Idi, mwaka wa nne, alipomwona Rehani anaingia uani na jogoo mkononi, Warda aliachia mwiko ndani ya sufuria.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu." Rehani akaketi juu ya kinu kilicholazwa, kama zamani. "Hivi sisi tutazikana kwa kununiana?"

Warda alilia. Alilia mpaka akaona haya, maana alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Walikula pamoja, wakamcheka marehemu baba yao na tabia yake ya kuficha tumbaku kwenye kofia. Ndipo Rehani alipolitoa la moyoni. Ule upande wa mwisho wa shamba, kule kwenye mianzi, Warda haulimi. Tembo walimmalizia mahindi kule misimu miwili, akauacha. Ampe apande mbaazi.

"Chukua," alisema Warda. Siku ile angeomba hata nusu ya mikorosho, angempa.

Upande huo wa mwisho ulikuwa mbali. Kutoka kwenye ufuta na mikorosho ya Warda, unashuka korongo ambalo masika hujaa maji, unapanda, unapita kichaka cha mianzi, ndipo unafika. Saa nzima ya kutembea. Warda hakuwa na la kumpeleka kule, na pengine asingekwenda kabisa kama si uyoga. Mwezi wa tatu, mvua ilipokatika kwa siku mbili, alichukua ungo akavuka korongo kutafuta uyoga kwenye vichuguu, akasema mwenyewe kwamba atapita amsalimie kaka yake.

Mbaazi alizikuta. Zilikuwa mistari mitatu, zimestawi, zimemfika kichwani, zimezunguka shamba lote kama ua. Akapenya kati yake. Ndani hakukuwa na mbaazi tena. Ilikuwa ni bangi, imepandwa kwa kamba, mstari kwa mstari, imepaliliwa safi kuliko shamba lolote alilopata kumwona Rehani akilima. Harufu yake ilimkaa kooni. Alisimama pale na ungo wake wa uyoga, akajikuta anahesabu mistari, kisha akaacha, akarudi alikotoka bila kuangalia nyuma.

Alimkuta Rehani kwake anashona kiatu. Akamvuta nyuma ya choo.

"Kaka, nimetoka kule."

Rehani hakujifanya hajui. "Nani mwingine kaona?"

"Ndilo unaloniuliza? Nani kaona?"

"Warda, sikiliza. Mara moja tu. Nikishavuna nang'oa mpaka mizizi, mwakani utakuta mbaazi kweli kweli. Unataka nirudi kukata magogo? Mgongo wangu unaujua ulivyo."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekubali?"

Na hapo ndipo Warda alipokosea, kama alivyojiambia baadaye mara nyingi mno. Angeweza kumwambia ang'oe kesho yake. Angeweza kwenda mwenyewe na panga. Lakini aliiona miaka minne ile ya kupishana njiani kila mmoja akiangalia upande wake, akaona hawezi kuirudia. "Mpaka mwezi wa sita," alisema. "Ukipita mwezi wa sita, sikujui."

Mwezi wa tano Rehani akamletea mabati. Nyumba yake ilikuwa ya makuti na ilikuwa inavuja juu ya kitanda cha Naima. Warda aliyaangalia yale mabati yakiteremshwa kwenye pikipiki ya matairi matatu, mapya, yanawaka. Alijua yametoka wapi, yamekopwa kwa ahadi ya mavuno yaliyokuwa bado yamesimama kule bondeni. Akaita fundi.

Waliofika kule kabla ya mavuno hawakuwa wanatafuta bangi. Walikuwa askari wa misitu waliofuata nyayo za wakata mpingo tangu upande wa Njinjo, wakapotea, wakatokea kwenye mianzi. Siku ya pili wakarudi na polisi na mgambo. Warda alikuwa anasimamisha matita ya ufuta ili yakauke. Aliitwa ofisi ya kijiji, akakuta uwanja umejaa.

Mwenyekiti, Mfaume, alikuwa ameshika daftari la ardhi. Alikuwa mmoja wa wale waliomsikia mzee Majid siku ile ya wosia. Pia alikuwa anajua ni nani anayepita kila asubuhi na jembe kuelekea kwenye mianzi, kama alivyojua mtu yeyote mwenye nyumba kando ya njia ile.

"Eneo hili ni la nani?" aliuliza mkuu wa wale polisi.

Mfaume akafunua ukurasa, akaonyesha nakala ya hati. Polisi akaiangalia picha, akamwangalia Warda.

"Na anayelima ni nani?"

Mfaume aliinamia daftari kana kwamba jibu limeandikwa humo kwa herufi ndogo. Warda alimtafuta kaka yake, akamwona amesimama karibu na mlingoti wa bendera, amevaa shati safi. Macho yao yakakutana. Akamwona anavuta pumzi, akajua anasema, na kwa kitambo kifupi moyo wake ukajaa huruma juu yake, akafikiria nani atamlelea watoto.

"Afande, lile ni shamba la dada yetu," alisema Rehani. "Tulishaamuliwa hata na baraza. Mimi sina hata mkorosho mmoja mle. Muulizeni mwenyekiti."

"Ni kweli waliamuliwa," alisema Mfaume.

Warda alifungua kinywa. Wa kumtaja alikuwa mtu mmoja tu, yule waliyetoka naye tumbo moja, aliyemfundisha kuogelea kwenye korongo lile lile. Akangoja aongeze neno, arekebishe kidogo, aseme hata kwamba dada yake hafahamu chochote. Rehani alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake. Polisi wakamtwisha Warda tita la bangi kichwani, kielelezo, wakamtembeza nalo mpaka kwenye gari.

Kesi ilikuwa mjini, na aliambiwa kwa kosa lile hakuna dhamana. Akapelekwa mahabusu. Kila baada ya siku kumi na nne alipandishwa kizimbani kusikia kwamba upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Alijifunza kulala ubavu mmoja. Alijifunza kugawana sabuni na mwanamke wa Kimakonde, Emerensiana, aliyekuwa na kesi ya kumchoma mume kwa maji ya moto na ambaye kila jioni alimuuliza jambo lile lile: "Kwa nini humtaji?"

"Anakuja," alijibu Warda wiki za mwanzo. "Anapanga mambo yake. Anakuja."

Aliyekuja alikuwa mama yao, Bi Somoe, aliyekuwa anaishi kwa Rehani. Alifika mwezi wa tatu wa kifungo kile kisichokuwa kifungo, amebeba mkate wa kumimina ambao askari waliukatakata kutafuta kitu ndani. Walizungumza kupitia wavu.

"Umekonda."

"Rehani yuko wapi, mama?"

"Yupo. Anakusalimia."

"Kwa nini haji?"

Bi Somoe alivuta ushungi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikavu ya kusuka mikeka, na mikono hiyo sasa ilikuwa imeshika wavu. "Akija, watamuuliza."

"Kumbe unajua."

"Mimi nimemzaa, nisijue nini?" Akasogea karibu zaidi. "Warda mwanangu, usimtaje. Ana watoto sita, wa mwisho bado ananyonya. Wewe Naima wako amekwisha kuwa mkubwa. Wewe una moyo, tangu utoto wako una moyo wa kustahimili. Yeye hana. Yeye humu ndani anakufa."

"Na mimi?"

"Wewe mwanamke," alisema mama. "Watakuonea huruma."

"Amekutuma?"

"Hakunituma. Nimekuja mwenyewe, kwa nauli ya mkeka."

Warda angependa kusikia kwamba ametumwa. Aliurudia huo usemi siku nyingi, wa kuja mwenyewe. Emerensiana aliposikia alitukana kwa Kimakonde, kisha akamwambia aite askari sasa hivi, aseme kila kitu. Warda hakuita. Haikuwa mapenzi tena. Angesema nini? Kwamba aliona, akanyamaza, akaezeka nyumba? Kila alipoyaandaa maneno kichwani, yale mabati yaliingia katikati. Na ndani kabisa palikuwa na kitu kigumu zaidi, ambacho hakumwambia hata Emerensiana: alitaka waone. Alitaka mama yake na kaka yake waamke kila siku wakijua yuko wapi. Hakujua kwamba watu huweza kuzoea.

Miezi kumi na moja. Asubuhi moja mwendesha mashtaka akasimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea. Hakueleza kwa nini. Warda akatolewa nje na mfuko wa plastiki wenye khanga mbili, akasimama kwenye jua hajui ageukie upande gani.

Mitondwe aliikuta ina habari zake tayari. Naima hakuwepo. Alikwisha kuolewa Mchinga. Alipokosa wa kumlipia na wa kumsimamia, aliacha shule kidato cha nne kikiwa hakijaisha, na mjomba wake ndiye aliyesimama kupokea posa. "Nilikusaidia," alisema Rehani. "Msichana angeharibika." Korosho za msimu alizivuna yeye pia, kusaidia. Ufuta ulioachwa kwenye matita ulipukutika ukaliwa na ndege.

Siku ya Ijumaa Rehani akachinja mbuzi wawili wa shukrani. Wanaume walikaa barazani, wanawake uani, sinia za pilau zikapita. Watu walikuja kumshika Warda mkono, wakasema pole, wakasema Mungu mkubwa. Walikuwemo wote wa nyumba za kando ya njia. Imamu alipomaliza dua, Rehani akasimama mlangoni, katikati ya baraza na ua, apate kusikika pande zote.

"Dada yetu amerudi salama," alisema. "Tulimwombea kila siku. Tumshukuru Mola."

"Kaka," alisema Warda. Hakupaza sauti sana, lakini mpaka barazani walimsikia. "Waambie nyuma ya zile mbaazi palikuwa na nini, na alipanda nani."

Rehani alibaki na mkono kwenye kizingiti cha juu. Mwenyekiti Mfaume, kule barazani, aliangalia tonge lake.

"Bi Warda," alisema imamu kwa upole, "leo ni siku ya furaha. Yaliyopita tumwachie Mungu."

"Nami namwachia. Nataka tu aseme."

Mtu akakohoa. Mke wa Rehani akainuka haraka, akauliza nani hajapata nyama. Sinia nyingine ikaletwa, watu wakaanza kula tena, kwanza kwa aibu, halafu kama kawaida. Bi Somoe, aliyeketi pembeni mwa Warda, alimvuta upindo wa khanga. "Kaa chini, mwanangu. Kula." Warda alinawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula, akaondoka. Alifika nusu ya njia bado anasikia watu wakicheka jambo jingine.

Tangu siku ile hamsalimii Rehani, wala Rehani hamsalimii. Upande wa mwisho wa shamba ameuacha uwe pori. Naima huja mara moja moja akitokea Mchinga, ana mimba ya pili, na huzungumza na mama yake kwa adabu kama mgeni. Mwaka jana mke wa Rehani alisema amechoka kumhudumia mama mkwe ambaye macho yamekwenda, na asubuhi moja Bi Somoe aliletwa kwa Warda kwa bodaboda, na mkeka wake na birika lake. Rehani hakuja naye.

Warda alimpokea. Alimtandikia kitanda cha Naima. Anamwogesha, anamkata kucha, anampeleka zahanati. Mara nyingine mama humwita kutoka ndani, chini ya yale mabati, na kumuuliza kama amemsamehe yeye, mama yake.

"Bado," hujibu Warda, na huendelea kuchambua mchele.

"Nitakufa kabla."

"Huenda, mama."

Kisha humletea uji, humshika mkono, na kuuelekeza kwenye kikombe.