Anayejitolea

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na Noela alikuwa ameapa halitoki.

Kitabu kilihusu uongozi wa mahakama. Mhariri wake alikuwa Mheshimiwa Sosthenes, hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama moja ambayo tusiitaje tukaja kuitwa shaurini. Noela, mhadhiri msaidizi wa sheria za kazi, aliombwa aandike sura moja, akaiandika. Alionyesha kwamba mfawidhi, pamoja na heshima zake zote, ni mwajiri kama mwenye gereji yeyote, na kwamba watu wanaofagia, wanaopanga majalada na wanaotafsiri mahakamani huku wakiitwa "wanaojitolea" ni wafanyakazi. Mtu akiwa anapangiwa kazi na mwingine, akaambiwa aingie lini na atoke lini, sheria humhesabu mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mganga hajigangi, aliandika, lakini mahakama haina ruhusa ya kuwa mganga wa namna hiyo.

Siku ya warsha, katika ukumbi wa kukodi karibu na stendi ya Babati, Mheshimiwa alimvuta pembeni wakati wa chai.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Sura yako nzuri sana. Pale uliposema wafanyakazi, weka tu wanaojitolea. Sisi pale ni familia."

"Nikibadilisha hapo, sura nzima inakufa."

"Na usipokuwa na chapisho mwaka huu, chuo hakikuongezei mkataba. Si uliniambia mwenyewe?"

Ni kweli alimwambia, enzi alipokuwa akimwona kama baba. Noela aliirudisha chapati sahanini. Familia gani hiyo ambayo mmoja anaagiza na wengine wanatumwa? Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye hakusomea sheria ili awe mshika chupa.

"Nitaisoma ilivyo," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Safu ya mbele walikaa wazee wa Kimaasai kutoka Simanjiro, walioalikwa kwa sababu kitabu kilikuwa na sehemu ya kesi za malisho. Mkalimani wao alikuwa Nolari, Mama Meijo, yuleyule anayetafsiri katika mahakama ya Mheshimiwa miaka yote hii. Kesi ya mfugaji asiyejua Kiswahili haisogei bila yeye, na bado pale kazini anaitwa wa kujitolea.

Noela akasimama, akasoma. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye "wafanyakazi" alilisoma taratibu, kama mwalimu anayesomea watoto imla. Nolari akatafsiri macho yakiwa chini, kwa sauti ndogo, na Mheshimiwa akawa anagongagonga kalamu mezani.

Kabla sura haijaisha, simu ya Nolari ikaita. Aliisikiliza ameinama, kisha akachukua mkoba wake.

"Mwalimu, wamepiga kutoka shule. Meijo ana homa kali," alimnong'oneza Noela, akaelekea mlangoni.

"Nolari." Sauti ya Mheshimiwa ilikuwa ile ya mahakamani. "Unakwenda wapi? Nani kakupa ruhusa?"

"Mtoto anaumwa, Mheshimiwa."

"Rudi ukae. Kazi haijaisha. Ukitoka hapo, Jumatatu usije."

Nolari alisimama, mkono kwenye kitasa. Waliokuwa wakiteta nyuma wakageuka kumtazama. Noela alihisi hasira inampanda, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na furaha, tena furaha mbaya, ya mwanasheria aliyeletewa ushahidi na mpinzani wake.

"Mheshimiwa," alisema kwenye kipaza sauti, "anayejitolea anaomba ruhusa kwa nani?"

Mheshimiwa akaiweka kalamu mezani.

"Umemwambia akae. Umemkataza kutoka. Umemtishia kumfukuza. Mtu hufukuzwa kazini, Mheshimiwa, hafukuzwi kwenye kujitolea. Mimi nimeandika kurasa na kurasa kulithibitisha hilo, wewe umelimaliza kwa pumzi moja."

Wanasheria waliokaa nyuma walianza kukohoa, vile watu wanavyokohoa wakizuia kicheko. Mheshimiwa akakusanya makaratasi yake.

"Sura yako imetoka kitabuni. Na huko chuoni kwako nitapiga simu."

Noela aliogopa, tusidanganyane. Aliufikiria mkataba wake. Alifikiria kuomba radhi, na radhi yenyewe ikagoma kutoka.

"Itoe," akasema. "Nitaichapisha kwingine, na maneno yako ya leo nitayaongeza yote, na jina lako nitaliweka."

Mzee mmoja wa safu ya mbele akamgeukia Nolari, akamuuliza jambo kwa Kimaasai. Alitaka kujua wasomi hawa wanagombania nini.

Nolari alikitazama kiti alichoamriwa kurudi. Hakurudi. Aliwatafsiria wazee palepale mlangoni, kwa sauti ambayo mahakama ile haikuwahi kuisikia, akaanza na ruhusa, akaja kwenye Jumatatu, akamaliza na sura iliyotupwa. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapangusa machozi kwa shuka lake la lubega. Mheshimiwa alifumbua kinywa aseme neno, lakini Nolari alikuwa ameshafungua mlango, anakwenda kutafuta bodaboda ya kumpeleka Singe, shuleni kwa mwanawe.