Kukamua Alizeti Ubaoni

"Shikamoo, mzee," alisema Luciana.

Mzee Abdulhamidi hakuitikia. Alikuwa ameinama juu ya gunia la alizeti, akichota punje kiganjani, akizipuliza makapi, akizitafuna na kutema. Luciana akadhani kelele za mashine zimemeza salamu yake. Akasogea na kurudia kwa sauti zaidi. Mzee akainua macho, akaitazama beji ya chuo iliyoning'inia shingoni mwake, akarudi kwenye gunia.

Katika mkoa wa Singida, mtu mzima anayeacha shikamoo ya mwanamke wa miaka thelathini na minne ielee hewani anakuwa ameshasema mengi. Luciana angeweza kugeuka pale pale. Lakini alihitaji barua yake. Alikuwa mwalimu wa biashara katika Chuo cha Wananchi Mlimatatu, nje kidogo ya mji, na shirika moja la Dar es Salaam liitwalo Mfuko wa Kisima lilikuwa limetangaza ruzuku ndogo kwa vyuo vinavyotaka kuboresha ufundishaji wa biashara. Kila chuo kilitakiwa kutuma andiko moja tu, na kueleza mfanyabiashara gani wa karibu anakifahamu chuo hicho. Mzee Abdulhamidi alikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta kilichokuwa maarufu kuliko vyote upande ule wa mji. Na aliwahi kuajiri mhitimu wao.

"Nimetoka Mlimatatu," Luciana alianza. "Tunaomba barua fupi tu, kwamba..."

"Benjamin ni wa kwenu?"

"Ndiyo, mzee. Nilimfundisha mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyemfundisha." Mzee akajifuta mikono kwenye shati. "Basi sikiliza. Alikuja mteja kutoka Manyoni, anataka madumu arobaini ya mafuta. Mimi nimekwenda msikitini, nimemwacha Benjamin wako kwenye kiti hiki hapa. Akamwambia mteja, subiri bosi. Hakumuuliza jina. Hakuchukua namba yake ya simu. Hakumpa hata kiti. Yule mtu akavuka barabara, akanunua kwa jirani, na mpaka leo ananunua huko. Na jioni Benjamin akaniandikia ripoti. Kurasa mbili! Ina utangulizi, ina hitimisho. Mwandiko mzuri. Mteja hakuna."

Vijana waliokuwa wakishona magunia wakacheka. Luciana alihisi uso unawaka.

"Mzee, kosa la mmoja..."

"Nyie mnawafundisha watoto kukamua alizeti ubaoni. Mafuta hayatoki ubaoni, mwalimu. Chuo chenu kinauza vyeti. Barua sikupi. Na ukipita hapa tena, upite kama mteja."

Luciana alitoka bila kuaga. Juu ya bodaboda alitunga majibu mengi makali ambayo angempa. Alikuwa binti wa wakulima wa Iguguno. Baba yake aliuza alizeti kwa watu kama yule maisha yake yote, akipangiwa bei na kufokewa, na Luciana alikuwa amesoma ili asifokewe hivyo.

Ofisini alifungua fomu ya maombi. Swali la kwanza liliuliza: *Tatizo ni nini, na mmelijuaje?* Alikuwa ameshaandika kwamba chuo kinakabiliwa na uhaba wa vifaa vya kisasa vya kufundishia. Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akampigia Benjamin, akitaka kusikia kwamba yule mzee ni mwongo.

"Ni kweli, madam," alisema Benjamin. Alikuwa sasa anachunga ng'ombe wa mjomba wake. "Yote aliyosema ni kweli."

"Sasa kwa nini hukumuuliza mteja jina lake?"

Sauti ya kijana ikabadilika.

"Ulitufundisha sifa kumi za mjasiriamali, madam. Ninazijua mpaka leo, nikusomee? Hakuna hata siku moja uliyoniweka mbele ya mtu anayetaka kununua kitu. Siku ile nilitetemeka. Nikafukuzwa kazi mbele ya watu. Usiniulize mimi kwa nini."

Akakata simu.

Kwa siku mbili Luciana aliwapigia wahitimu wengine. Aliwapata tisa. Wawili tu walikuwa na biashara, na wote wawili walikuwa wameikuta kwa wazazi wao. Dada mmoja aliyeitwa Klara alimwambia kwamba cheti chake amekifungia kwenye nailoni, kiko chini ya godoro, na kwamba hataki kuulizwa tena habari za chuo.

Usiku wa pili alifuta jibu lake lote. Akaandika upya: "Mfanyabiashara mmoja wa Singida, Mzee Abdulhamidi, anasema tunawafundisha wanafunzi kukamua alizeti ubaoni. Tumechunguza. Anasema kweli." Akaeleza habari ya mteja wa Manyoni, akaeleza simu tisa. Hakuomba kompyuta. Aliomba mizani, mtaji mdogo wa genge litakaloendeshwa na wanafunzi wenyewe sokoni, na nauli ya kuwapeleka siku arobaini kwenye biashara za watu.

Mkuu wa chuo, mwalimu Raymond, aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama. Alipomaliza aliitupa mezani.

"Madam Luciana, unakwenda kuomba msaada kwa kuitukana nyumba yako?"

"Wameuliza tatizo, mkuu."

"Tatizo ni vifaa! Kila chuo kina tatizo la vifaa. Hili la kwako siyo tatizo, hii ni aibu. Kesho wilayani wakiisoma hii, nani ataitwa? Wewe?" Akavuta kiti, akaketi. "Na huyu mzee amekutukana, ukakimbilia kumwandika kama mtume. Huna haya?"

"Nilikasirika kuliko wewe. Lakini nimewapigia wahitimu."

"Nani alikutuma?"

Luciana aliichukua karatasi yake mezani, akatoka. Mkuu aliandika andiko lake mwenyewe siku iyo hiyo. Lilisema Mlimatatu ni chuo kinachoongoza kanda ya kati kwa elimu ya biashara, na kinachokosa ni kompyuta ishirini. Ijumaa mchana, saa chache kabla ya muda kwisha, alitia saini ukurasa wa mwisho, akagonga muhuri, akampa Luciana akalitume kutoka stesheneri ya mjini, kwa kuwa mtandao wa chuo ulikuwa umekatika.

Ukurasa wa saini ulikuwa peke yake. Haukutaja kompyuta wala genge. Ulikuwa na majina, tarehe na muhuri tu.

Luciana alisimama mbele ya kaunta ya stesheneri na maandiko yote mawili kwenye bahasha, la mkuu na la kwake. Mhudumu akamuuliza mara mbili anataka kutuma lipi. Baadaye, kila aliposimulia jambo hili, hakusema kwamba alichanganyikiwa wala kwamba alikosea. Alijua anachofanya. Alitoa andiko lake, akaambatanisha saini ya mkuu, akatuma. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi nje.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mkuu alipigiwa simu. Mfuko wa Kisima ulikuwa unaleta mgeni. Wamevutiwa, walisema, na ukweli wa chuo hicho, na wangependa kuonana na mfanyabiashara aliyetajwa.

"Mfanyabiashara gani?" mkuu aliuliza, na alipojibiwa, akashika meza.

Alimwita Luciana, akafunga mlango.

"Umenitilia saini yangu kwenye uongo."

"Kwenye ukweli, mkuu. Lakini saini niliiiba. Hilo sikatai."

"Ningekuwa na uwezo ungeondoka leo." Hakupaza sauti, na hiyo ilimtisha zaidi. "Nikiwaambia hawa wageni andiko hilo siyo langu, nitaonekana mjinga anayeibiwa na mwalimu wake. Kwa hiyo nitanyamaza. Lakini mimi na wewe hatujamaliza."

Mgeni alikuwa mama mmoja mnene, mpole, jina lake Dina. Walikwenda kiwandani watatu. Msimu ulikuwa umechanganya. Malori yalijipanga mpaka barabarani, na vumbi la makapi lilitua juu ya kila kitu. Mzee Abdulhamidi alikuwa ameshapata habari. Hakungoja wafike ofisini.

"Nani amempa ruhusa?" alifoka, kidole kikimwelekea Luciana. "Nani amempa ruhusa ya kubeba maneno yangu na kuyapeleka Dar es Salaam? Nimekuwa tangazo?"

"Mzee, shikamoo," alisema Dina.

"Marahaba. Huyu binti ni mwizi!"

Mkuu wa chuo alitazama chini, na Luciana aliona wazi kwamba neno hilo limempendeza.

"Maneno yaliyoandikwa, uliyasema kweli?" Dina aliuliza.

"Nilisema! Na nitasema tena." Akasema tena. Alisimulia habari ya Benjamin upya, sasa ikiwa ndefu zaidi. Alisema walimu wa biashara ambao hawajawahi kuuza hata nyanya wafungwe. Alimwambia mkuu kwamba suti yake ni nzuri na wahitimu wake ni hasara. Mkuu alijaribu kutaja tuzo ya usafi waliyopata mwaka jana. Mzee akamwambia afungue biashara ya ufagio. Dina alikuwa anaandika, haraka, bila kuinua kichwa.

Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei, "Hawa wanafunzi wakikaa kwako siku arobaini, ungeanza na nini?"

"Ningeanza na mkono," mzee alijibu papo hapo. "Punje ukiisugua inakwambia kama ilianikwa au ina unyevu. Bila hilo utanunua maji. Halafu mizani. Halafu mteja: jina lake, ametoka wapi, ana haraka au hana. Mwenye haraka usimwambie bei kwanza, mpe kiti. Halafu kukataa. Hawajui kukataa gunia bovu la mtu anayelia. Hilo linachukua wiki mbili peke yake, kwa sababu..."

Akamwangalia Dina, akaiangalia kalamu yake.

"Sijasema nitawapokea."

"Hujasema," Dina alikubali, na akafungua ukurasa mwingine.

Barua ya ruzuku ilifika baada ya majuma matatu. Walipewa milioni nane, kwa sharti moja: wanafunzi waende kwenye biashara halisi, na ya kwanza iwe kiwanda kile. Siku hiyo hiyo Luciana alipewa barua nyingine, iliyopigwa chapa na mkuu mwenyewe. Ilikuwa ya onyo kali, kwa udanganyifu wa nyaraka. Usimamizi wa mradi alipewa mwalimu Simoni, aliyefundisha useremala na hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa andiko.

"Fedha nitazipokea," mkuu alisema. "Wewe sitakusamehe."

Luciana alitia saini kwamba ameipokea barua ya onyo. Usiku alilia, siyo kwa kuonewa, bali kwa sababu kila neno lililoandikwa mle lilikuwa sahihi.

Simoni alikwenda kiwandani kupanga tarehe, akarudi amekasirika. Mzee alikuwa amekataa kumsikiliza. "Anasema hapokei mwanafunzi wa mwalimu asiyejua kazi. Anataka wewe uende kwanza. Likizo yote. Bila posho."

Alikwenda. Yeye, mwenye shahada, alivaa kanga kiunoni na kusimama kwenye mizani kuanzia asubuhi. Mzee Abdulhamidi hakumhurumia hata siku moja. Alimwita "bibi ripoti" mbele ya wakulima. Siku ya nne Luciana alipokea magunia sita ya mama mmoja kutoka Rungwa aliyesafiri siku mbili na ambaye mumewe alikuwa hospitali. Mzee akayafungua, manne yalikuwa na unyevu.

"Rudisha," alisema.

"Mzee, huyu mama..."

"Rudisha wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Akayarudisha. Yule mama alimlaani kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yake, na watu wa foleni wakamsaidia kulaani. Luciana alimwonyesha mahali pa kuanika nyuma ya ghala, akampa turubai. Mzee aliona. Hakusifu, ila hakumnyang'anya turubai. Kesho yake yule mama alirudi na alizeti kavu, akauza, akaondoka bila kumtazama.

Alimchukia yule mzee mpaka siku ya mwisho. Na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiandika kila alichosema, kwenye daftari lililolowa mafuta.

Chuo kilipofunguliwa aliingia darasani mikono mitupu. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wamefungua madaftari, kalamu tayari. Aliwaambia wafunge. Kila mmoja aende sokoni, arudi saa nane na majina ya wauzaji watatu, na aeleze kila muuzaji amemkatalia mteja gani asubuhi hiyo, na kwa nini.

Hakuna aliyesimama. Mwisho Rahabu, aliyekaa mbele, mwanafunzi wa alama za juu kuliko wote, alinyoosha mkono.

"Madam, wazazi wetu wamelipa ada tufundishwe. Hawakulipa tutumwe sokoni. Notisi ziko wapi?"

"Notisi hakuna."

"Basi tutakwenda kwa mkuu."

"Nendeni. Mlango wake mnaujua."

Wanane walikwenda kwa mkuu, Rahabu akiwa mbele. Kumi na mmoja walikwenda sokoni, wakinung'unika, jua limeshakuwa kali. Luciana alivuta kiti, akaketi katika darasa tupu, akasubiri kuona nani atarudi kwanza.