Meza ya Jumamosi Ilivyopoa

Zamani, ikifika saa nne asubuhi ya Jumamosi, vinyozi wa Kaloleni, Kisumu, walikuwa wakizima mashine zao. Mteja alibaki kitini na kichwa kilichonyolewa nusu, wala hakulalamika, maana hata yeye alikuwa ametega sikio. Meza ya Jumamosi imeanza redioni. Absalom Okinyi anasoma habari za wiki, na wenzake watatu wameizunguka meza wameshika miiko. Aliyepata la kusema anagonga sufuria, ngaa! Kisha anaichambua habari hiyo mpaka mkubwa aliyehusika, popote alipo, anajiona hana nguo.

Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi Absalom, ambaye bado aliishi Kaloleni hiyo hiyo na mkewe Maryanne, alipita mbele ya kinyozi akielekea studio na kukuta redio inapiga muziki. Kinyozi alimpungia mkono kwa heshima zote, akamwita mzee kwa Kijaluo. "Jaduong', habari ya asubuhi!" Lakini stesheni hakuibadilisha. Absalom hakumlaumu. Yeye mwenyewe, kama asingekuwa mwenyekiti wa kipindi kile, hakuwa na hakika kwamba angekifungulia.

Si kwamba wenzake walikuwa wameishiwa. Mathews Wakhisi, aliyekuja Kisumu kutoka upande wa Bungoma kufundisha muziki, bado aliweza kuiga sauti ya mheshimiwa yeyote hata mke wa mheshimiwa mwenyewe angeitika. Metrine Nakhungu, muuza mitumba wa soko la Kibuye, bado alikuwa na ulimi wa kukata mfupa. Kiti cha nne kilikuwa cha Rosa Atieno. Rosa alifariki wakati wa korona, na waliobaki wakasema watakaa watatu kwa muda tu. Muda huo ukageuka desturi.

Shida ilikuwa kwamba dunia ilikuwa imewapita mbio. Mkubwa akiteleza ulimi Jumatatu asubuhi, kufikia jioni vijana walishamwigiza kwenye simu, wengine wamevaa wigi, wengine wamemtungia wimbo. Ikifika Jumamosi mzaha ni ugali uliolala. Tena wakubwa wenyewe walikuwa wameizoea kejeli, ikawa kama mafuta ya kujipaka. Zamani mheshimiwa akichambuliwa alipiga simu studio akifoka. Siku hizi alipiga kuuliza kwa nini wiki hii wamemsahau.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Absalom alisema neno kuhusu gavana fulani wa mbali na gari lake jipya. Hata kabla halijamaliza kumtoka mdomoni alijua limekufa. Akanyoosha mkono kuchukua habari inayofuata. Ghafla hedfoni zikajaa kicheko.

Kilikuwa kicheko cha ukumbi mzima, watu wanapiga makofi, viti vinasukumwa. Na juu ya kelele zote hizo kulikuwa na mwanamke mmoja, kicheko chake kinaanza kama kwikwi, kinapanda, kinaishia kwa "wuololo!" ya mtu aliyeshindwa kabisa.

Mwiko wa Wakhisi ukabaki hewani. Nakhungu akakishika kifua. Absalom alitazama dirisha la kioo, ambako Terry, mtayarishaji wao, alikuwa akitabasamu na kumwinulia kidole gumba. Hapo kinywa cha mwenyekiti, ambacho hakijawahi kukauka hewani tangu kipindi kianze, kikakauka. Terry akaona hatari, akarusha tangazo la sabuni.

"Terry," Absalom akasema, "hiyo kicheko umetoa wapi?"

"Ni meneja alisema, Baba. Nimetoa kwa rekodi ya zamani, ile mlifanya kwa ukumbi kule Muhoroni. Watu walikuwa wengi, nikaona iko na nguvu."

"Huyo ni Rosa."

"Rosa gani?" akauliza Terry, ambaye aliajiriwa Rosa akiwa ameshazikwa.

Kisha Nakhungu akarekebisha hedfoni zake masikioni, akasema kwa sauti ndogo, "Ebu weka tena kabla tangazo iishe."

Terry akaiweka. Wakasikiliza wote watatu, wameinamisha vichwa kama watu wanaoombea chakula. Ilipokwisha Absalom akasema isichezwe tena hewani, na wakarudi kuzungumzia bei ya unga.

Meneja wa stesheni aliitwa Laban. Kipindi kilipoanza alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na alipenda kulisema hilo mbele ya wageni. Alimwita Absalom ofisini Jumatatu yake.

"Mzee wangu, mimi nawaheshimu sana," akaanza, na Absalom akajua kinachofuata hakina heshima nyingi. "Lakini kipindi cha vichekesho bila kicheko kinasikika kama matanga. Wasikilizaji wanaandika hivyo, si mimi. Sasa hii ya kanda mmekataa."

"Tumekataa."

"Basi nendeni mkalete kicheko cha watu. Rudini Muhoroni. Ukumbi ni ule ule."

Wakaenda. Wakhisi alivaa koti lake la kitenge ambalo hakuwa amelivaa tangu enzi za Rosa, akaimba njia nzima. Mvua ndefu zilikuwa bado hazijaisha. Matrekta yaliyovuta miwa yaliburura tope mpaka katikati ya mji, na mbele ya ukumbi mtu alikuwa amemwaga kokoto ili wageni wapite wasichafuke viatu.

Mara ile ya kwanza watu walining'inia madirishani. Safari hii viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa vizuri, na vingi vikabaki hivyo hivyo. Waliokuja walikuwa watu wazima. Kina mama wa kwaya, wakulima wa miwa waliostaafu, fundi cherehani na mkewe. Walipiga makofi kwa adabu. Wakhisi akaiga sauti tatu mfululizo, wakatabasamu. Nakhungu akamchambua waziri mmoja mpaka hakukubaki kitu, wakatikisa vichwa, wakaguna kama watu wanaosikia habari ya mgonjwa.

Absalom akaona watamponyoka. Akaamua kutoa ule mzaha wake mkubwa, ule wa mafuriko, ambao watu wa bonde lile walikuwa wakimwomba aurudie kila wakimkuta barabarani. Akaivuta sufuria karibu, akaigonga.

"Mvua zimenyesha, mito imefurika," akasema, na kusubiri kidogo kama ilivyo kawaida yake. "Mheshimiwa aliahidi atakuja. Mheshimiwa hajaja. Maji hayakuahidi kitu..."

"Lakini yamekuja," ukumbi mzima ukamalizia.

Walimalizia pamoja, bila haraka, kwa sauti ile ile wanayomwitikia kasisi Jumapili. Hakuna aliyecheka. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Amina," na hapo ndipo wachache wakacheka, tena walimcheka mzee.

Kicheko hicho ndicho Terry alichorekodi siku ile.

Baadaye waliandaliwa chai upande wa nyuma wa ukumbi. Aliyeimimina kutoka kwenye chupa kubwa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Dorca, mwenye shamba la miwa karibu na mto. Absalom aliona viatu vyake, vya mpira, vyenye tope hadi kwenye fundo la mguu. Akapokea kikombe, hakunywa.

"Mama, nikuulize na unijibu ukweli. Tumeisha utamu?"

Dorca akaweka chupa chini. "Utamu?" Akafikiri. "Sijui kama ni utamu, Jaduong'. Mara ya kwanza ukisema hiyo maneno ya maji, mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nilikuwa hapa, kwa dirisha. Nilicheka mpaka mama mkwe akauliza kama mke wameletewa ni mzima. Na unajua nilikuwa nacheka nini? Nilifikiri sasa imesemwa kwa redio, imeisha. Wamesikia. Wataona haya."

"Na maji?"

"Maji iko kwa nyumba saa hii. Tumelala shule wiki yote." Alisema bila kumlaumu, kama anayeeleza njia. "Sasa nikicheka tena, nitakuwa nacheka nani?"

Absalom alikizungusha kikombe mkononi.

"Kwa hivyo umeacha kutusikiliza."

"Ah, hapana! Nafungua. Jumamosi nikifua nguo nataka sauti za watu ninajua. Sicheki, lakini nafungua." Akakitazama kikombe cha Absalom. "Kunywa, itapoa."

Wakirudi Kisumu, Wakhisi alikuwa na furaha isiyo kifani. "Mmeona? Wanajua maneno yote! Hiyo ndiyo kupendwa!"

"Mathews," Nakhungu akasema, akiwa anayatazama mashamba ya mpunga yaliyokuwa yamezama, "hata Baba Yetu Uliye Mbinguni watu wanajua maneno yote. Umeona nani anacheka?"

Walipokaribia mji, Absalom akawaambia alichokuwa akikitafuna tangu Muhoroni. "Nafikiri tufunge meza."

Alitarajia Nakhungu ndiye atakayepinga, maana Nakhungu hupinga hata hali ya hewa. Lakini yeye alivuta tu leso yake mabegani. "Jumamosi ndiyo siku Kibuye inajaa," akasema. "Mimi nimekuwa nikiachia mtu mwingine kibanda changu miaka hii yote."

Aliyegeuka mbogo ni Wakhisi. Alimwita Absalom mwoga. Alisema Rosa angekuwa hai angemzaba kofi. Halafu akaishiwa pumzi, akakunja koti lake la kitenge mapajani, akauliza, "Sasa mimi Jumamosi nitakuwa nani?"

Absalom alimshika bega mpaka walipofika.

Alipokwenda kwa meneja, Absalom alijiandaa kubembelezwa abaki. Njiani alikuwa amepanga atakataa kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili atakataa kwa uthabiti, akieleza kwamba mgeni mwema huondoka kabla ya kuonyeshwa mlango. Laban alimsikiliza, akasema pole, akamshukuru kwa utumishi wake, na katika pumzi ile ile akamwuliza kama mwisho wa mwezi ungemfaa, kwa sababu kulikuwa na kipindi cha mpira kilichokuwa kinasubiri nafasi. Kumbe hata mlango ulikuwa umeshafunguliwa siku nyingi. Ni yeye tu aliyekuwa hajahisi upepo.

Kipindi cha mwisho hakikuwa na jambo. Absalom alikuwa amepanga maneno ya kuaga, lakini simu ziliingia mbili zilizorefuka. Moja ilikuwa ya mtu wa Kisian aliyetaka kutangaza ng'ombe wake aliyepotea, mweupe, pembe moja imevunjika. Nakhungu alimuuliza kama ng'ombe huyo alipotea au alihamia chama kingine, na Terry akacheka kweli nyuma ya kioo. Kisha saa ikaisha. Absalom aliwahi kusema asanteni tu, tangazo la sabuni likamkata. Wakhisi alichukua mwiko wake akaenda nao nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Maryanne alifungua redio saa nne kwa mazoea, mpira ukatoka. Akamtazama mumewe. Mumewe akasema, "Iache tu." Wakasikiliza vijana wawili wakibishana kuhusu kipa wa Uingereza, Maryanne akichambua dagaa wa omena, Absalom akitafuta cha kufanya na mikono yake. Jumamosi nyingine akaziba paa la choo. Nyingine akalala, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana tangu utoto, akaamka amechoka zaidi.

Ilikuwa Jumamosi nyingine tena, jua limeshakuwa kali, Maryanne alipomtuma sukuma wiki sokoni Kibuye. Akiwa anachagua, mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya kanisa akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe si Okinyi? Okinyi wa Meza! Jaduong', leo asubuhi mmenimaliza kabisa!"

"Leo?"

"Leo! Nilikuwa naendesha gari nikasimama kando ya barabara. Nimemwambia mke wangu hawa watu wataniua." Macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha ya kukumbuka.

Absalom alifungua kinywa amwambie kwamba meza ilishafungwa. Akamwona mtu huyo alivyong'aa usoni, akakifunga. "Ero kamano," akasema. Asante.

"Msiache, ndugu yangu. Sisi tuko nyuma yenu."

Kibanda cha Nakhungu kilikuwa upande wa pili, chini ya turubai la buluu. Absalom alimkuta amesimama juu ya rundo la sweta, akamsimulia jambo lile lote, hata kofia ya kanisa. Nakhungu alisikiliza mkono kiunoni.

"Na alisema mimi nilisema nini leo?"

"Hakutaja."

"Yaani hata kwenye kipindi kisichokuwepo nimesahauliwa!" Nakhungu akacheka, kicheko kifupi kilichotoka puani, na Absalom akacheka naye kidogo. Kisha mwanamke mmoja akainua sweta ya kijani akauliza kama kuna ndogo kuliko hiyo, na Nakhungu akainama kumtafutia. Absalom alihamisha mfuko wa sukuma kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akasogea kando mteja apate kupita.