Ndizi za Ukurasa wa Arobaini

Jumatano asubuhi, umande haujakauka, Bogalech aliegemeza ubao wake kwenye shina la weese, akakaa chini, akainua mguu wa kulia ili kisigino kibane kipande cha shina, akaanza kuparua kwa mwanzi. Yalitoka maji matupu. Alipotazama juu akaona mkungu wa ndizi mbivu, unanukia asali.

Weese hauzai ndizi. Una sura ya mgomba tu, kama shemeji anavyoweza kuwa na sura ya mumeo. Chakula chake kimo ndani ya shina na mzizi: unaparuliwa, unafukiwa shimoni mpaka uchachuke, ndipo unapata waasa, mkate wa kila siku huku Sidama, kusini mwa Ethiopia. Ukiuacha ukazaa, tunda ni mbegu ngumu kama changarawe, na mti wenyewe unakufa. Sasa miti yote mia mbili na kumi nyuma ya nyumba ilikuwa na mikungu. Wajukuu watano walikula ndizi mpaka matumbo yakavimba, na baada ya nusu saa wakawa na njaa kuliko mwanzo. Akiba ya shimoni ilikuwa ya wiki sita.

Jirani yake, mzee Ledamo, aliyewahi kuwa karani wa ushirika wa kahawa, alikuja na kitabu kwapani.

"Ukurasa wa arobaini," alisema. "Wanakijiji wanaamka, wanachuma ndizi tamu za weese, wanakula kwa furaha. Kimeandikwa Addis Ababa. Kinasomwa nchi nzima."

"Aliyeandika amewahi kufika huku?"

"Ameona picha."

"Basi mwandikie barua. Mwambie aje aone miti."

Mwandishi alikuja baada ya wiki mbili, tena kwa hiari yake, kwa kuwa alikuwa na kitabu cha pili kichwani na safari hii alitaka kufanya utafiti. Aliitwa Habtewold. Alikuwa na viatu vipya na orodha ya maswali: udongo una rangi gani, asubuhi inanukia nini, watu huku wanachekaje. Alichuma ndizi, akaila yote.

"Tamu, Mama. Kumbe sikukosea."

"Mwanangu, kabla yako hii haikuwa ndizi. Kaa chini."

"Nina maswali machache tu."

"Kaa. Inua mguu."

Ledamo, aliyekuwa nje ya ua, aligeuza uso. Mwanamume hasogei mahali wanawake wanapoparua weese, maana waasa huharibika.

"Bogalech, huyo ana ndevu."

"Waasa iko wapi ya kuharibika? Na wewe kama unataka kuchungulia, njoo na ubao wako."

Habtewold aliparua siku nne. Alitoa maji, na damu kidogo ya kidole. Siku ya nne alasiri alichana karatasi kwenye daftari, akaandika kazi ilivyo: mguu unavyokufa ganzi, mwanzi unavyoteleza, uchachu wa shimo unavyoganda kwenye nguo mpaka unakwenda nao kanisani. Bogalech alimwambia amsomee. Akamsahihisha mara mbili, kisha akaifunga karatasi kwenye shina kwa kamba. Asubuhi mkungu wa mti ule ulikuwa umeanguka, na shina limejaa nyama nyeupe, nzito, kama zamani. Miti mingine ilibaki na ndizi zake.

Habtewold aliwapigia simu wachapishaji wake. Kijiji kizima kilisikia, maana mtandao unashika penye ukuta wa kanisa tu, na lazima upaze sauti. Walimjibu kwamba wasomaji wanapenda ndizi. Shimo linanuka. Na toleo la nne liko mtamboni.

"Wao wamesema lao," alisema Bogalech, akampa kalamu. "Imebaki mia mbili na tisa."

"Mama, mvua itafuta wino."

"Utaandika tena."

"Na kitabu changu cha pili?"

"Si ndicho hicho unachoandika?"

Huu ni mwaka wa tatu. Toleo la sita limetoka, na ndizi zipo ukurasa ule ule. Wageni huja kwa mabasi kuzichuma kwa majirani, ambao mashamba yao yanakufa moja baada ya jingine. Kwa Bogalech hakuna hata ndizi moja. Kila shina limevaa karatasi yake, na mvua za Agosti zikipita, Habtewold huanza upya na mti wa kwanza. Wajukuu wananenepa.

Wiki iliyopita alikuja afisa mmoja wa utalii, akamwomba Bogalech kwa adabu aache walau mkungu mmoja, wageni wapate picha. Bogalech alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama miguu, akamwambia avue soksi.