Daftari la Mawe

Kwa siku sita Diploma alifagia uwanja wa ofisi ya vyeti akiyakwepa mawe. Ufagio ulipofika kwenye foleni ulipinda, kwa sababu foleni ya ofisi ile ilikuwa ya mawe. Ndiyo, mawe. Dirisha ni moja, karani wa dirishani ni mtu wa kunywa chai kwa utulivu, na watu wana vibarua vyao. Basi mtu anakuja alfajiri, anaweka jiwe lake nyuma ya jiwe la mwenzake, anakwenda zake kazini, kisha anarudi kulisogeza. Asiye na jiwe anaweka kopo au kandambili moja. Na msidhani ni mchezo. Kuku wa mtu unaweza kumkanyaga akakusamehe, lakini jiwe lake ukilirudisha nyuma hatua moja mtafikishana polisi.

Diploma lilikuwa jina la utani. Alipewa na mlinzi wa getini siku ya kwanza, mlinzi aliposikia kwamba mfagiaji mpya ana stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Alicheka mpaka akakaa chini. Diploma hakununa. Miaka mitatu ya kuzungusha bahasha ofisi hadi ofisi ilikuwa imemfundisha kucheka kabla hajachekwa. Aliishi kwa shangazi yake, katika chumba kimoja na cherehani mbili, na shangazi alikuwa mtu mwema, ila siku hizi alianza kupumua kwa sauti kila Diploma alipoongeza chakula. Kazi ya kufagia ni kazi.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Ofisa wa ajira alimpa siku saba za majaribio na sharti: kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya saba alete cheti cha kuzaliwa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Cheti chake cha zamani kilikuwa kimevujiwa na paa la shangazi mpaka kikawa uji. Na kipya kinatolewa wapi? Kwenye dirisha lilelile, hatua thelathini kutoka alipokuwa akifagia. Alimwendea mkuu wa ofisi kumwomba amsaidie.

"Hapa hakuna kujuana," alijibu mkuu, huku akimsindikiza shemeji yake kwenye mlango wa nyuma.

Basi Diploma naye akaweka chake kama wananchi wengine, nusu ya kigae cha bluu. Siku ya saba ilipofika, kigae kilikuwa cha tisa. Mtu wa tisa, karani anywe chai awezavyo, huhudumiwa kabla ya adhuhuri. Alikuja kazini moyo mweupe.

Saa moja asubuhi mkuu alitoka ofisini mbio, tai imemrukia begani.

"Mgeni wa makao makuu anafika saa nne! Uwanja uwe safi. Nisione hata jiwe moja."

"Mzee, hii ni foleni."

"Foleni ni watu. Mimi hapa naona takataka."

"Na wenyewe wakirudi je?"

Lakini mkuu alikwishaingia ndani kutafuta pazia la kufunika kabati lililovunjika.

Mfagiaji mwingine angeyazoa yote akayamwaga jalalani, hadithi ikaishia hapo. Stashahada haifi kwa kushika ufagio. Diploma alitoa daftari lake, akaanzia dirishani kuelekea getini, akaandika: moja, tofali la kuchoma, pembe imevunjika. Mbili, jiwe la kusagia, limelika katikati. Tatu, jiwe lenye doa jekundu. Nne, doa jekundu. Madoa mekundu yalikuwa thelathini na moja, na kila mtu alijua ni ya Bwana Foleni, jamaa mmoja wa viatu vya kung'aa ambaye hakuhitaji cheti chochote duniani. Yeye aliuza nafasi. Mengine sita yalipakwa chokaa, nayo, ingawa hakuna aliyesema, yalifanana sana na mawe yaliyozunguka kibanda cha mlinzi. Jumla yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Akayapakia kwenye toroli, safari baada ya safari, akayapanga upya nyuma ya ofisi kwa mpangilio uleule, ili mgeni akishaondoka ayarudishe.

Aliyapanga kando ya mtaro wa choo.

Choo hicho nacho kina habari yake. Kilizinduliwa kwa utepe na hotuba mbili, miaka mitatu iliyopita, kikabaki mtaro. Mchanga ulikuwepo. Saruji ilikuwepo, iliganda, ikaletwa nyingine, ikaganda, ikaletwa tena. Mwashi alikuwepo. Yaliyokosekana ni mawe, na mawe, kwa mujibu wa barua zote, yalikuwa njiani. Mkataba ulimkataza mwashi kuondoka eneo la kazi mpaka yafike. Basi kila asubuhi alisaini, akakaa juu ya ndoo, mwiko magotini, akatazama barabara.

Toroli la kwanza lilipofika, mwashi alisimama. La pili lilipofika, alivua kofia. Diploma alimwitikia kwa kichwa akapita, maana alikuwa na haraka. Laiti angesema neno moja tu!

Saa tatu na nusu, uwanja ukiwa unang'aa, alirudi nyuma kuchota maji. Kando ya mtaro hapakuwa na kitu. Mawe yalikuwa ndani ya mtaro, yamenyooka kwa uzi, saruji mbichi ikimetameta kati yake. Mwashi alikuwa ameloa jasho, anaimba.

"Dada, ubarikiwe," alisema. "Miaka mitatu! Na ulivyonipangia vizuri, mimi ni kuokota tu. Zile kandambili na makopo nimekuwekea pembeni, havishiki saruji."

"Kaka," Diploma alisema, "hiyo ni foleni."

"Foleni ipi?"

"Ya watu. Umeijengea."

Mwashi aliutazama msingi wake. "Niubomoe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Diploma alikitafuta kigae chake cha bluu, akakiona kwenye kona, kimekaa vizuri kuliko kilivyowahi kukaa popote. Hakuwa na moyo wa kumwambia abomoe. Na huko mbele kelele zilikwishaanza.

Watu walirudi, hawakukuta foleni. Kila mtu alidai alikuwa wa kwanza. Mlinzi, kabla hajaulizwa, alinyoosha kidole: "Diploma huyo!" Wakamzunguka. Alijua amebakiza maneno machache kabla hajamwaga unga, hata kama unga wenyewe ulikuwa bado haujaingia chunguni.

"Mawe yenu yametumika kujengea choo," alisema, maana uongo ulikuwa haumjii. Uwanja ukalipuka. Akapanda juu ya toroli na kuinua daftari. "Lakini foleni ninayo hapa! Moja, tofali la kuchoma, pembe imevunjika. La nani?"

Fundi viatu mmoja akainua mkono. "Langu hilo. Pembe niliivunja mwenyewe."

"Simama dirishani. Mbili, jiwe la kusagia, limelika katikati."

"Ni langu, mwanangu," alisema mama mmoja mwenye kanga nyeusi. "Aliliweka mume wangu, akisubiri cheti cha kuzaliwa. Hakukiwahi. Sasa nasubiri mimi cha kifo chake. Nikaona nisibadili jiwe."

Waliokuwa wakipiga kelele wakampisha. Diploma alingoja mpaka mama amefika dirishani, akasoma tena.

"Tatu, doa jekundu."

"Langu," alisema Bwana Foleni.

"Nne, doa jekundu."

"Langu."

"Tano, doa jekundu."

"Lang—"

"Wewe umezaliwa mara ngapi?" aliuliza fundi viatu, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Bwana Foleni akaanza kueleza habari za binamu zake walioko safarini, lakini kila binamu alipotajwa kicheko kilizidi, mpaka akafuta vumbi kwenye viatu vyake na kuondoka bila kuaga. Diploma alipofika kwenye mawe ya chokaa, mlinzi aligundua kwamba geti linahitaji kutiwa mafuta sasa hivi. Mengine wenyewe hawakutokea. Walikuwa wamekata tamaa miezi mingi nyuma, wakaacha kuyasogeza, nayo yakapitwa na ya wengine. Foleni ya mawe mia na ushee ikawa ya watu arobaini na watatu.

Kigae cha bluu alikisoma kwa sauti ya chini. "Ni changu, tuendelee." Hakushuka. Kama angeteremka kwenda dirishani, nani angesoma? Wangeng'oana macho pale pale.

Saa nne mgeni alifika, akasimama, akatazama watu wanavyoitwa mmoja mmoja na kujipanga bila kusukumana.

"Utaratibu huu mnauitaje?"

"Ni, ni mradi wetu wa majaribio, mheshimiwa," alisema mkuu. Jasho lilimtoka, tabasamu likabaki. Alipopelekwa nyuma mgeni akaona na msingi wa choo, akapiga picha nne na kusema hajaona usimamizi kama huu. Mkuu akakubaliana naye.

Karani, kwa kuwa mgeni alikaa mle ndani hadi saa nane, siku hiyo alikosa kabisa nafasi ya kunywa chai. Watu walihudumiwa. Hata hivyo mgeni alipoondoka kikombe kilirudi mezani, na Diploma alipomwita mtu wa mwisho na kufunga daftari ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Karani alishika kibao cha "Tumefunga".

"Njoo kesho, Diploma."

"Namba tisa bado!" Ilikuwa sauti ya mama mwenye kanga nyeusi. Alikwishapata cheti chake tangu asubuhi, lakini hakuondoka. Alikuwa amekaa ukutani, ameshika ile karatasi kwa mikono miwili. Sasa aliinuka, akaweka kiwiko kwenye dirisha, kibao kikakosa pa kukaa. "Ameita watu wote, yeye hajaitwa. Mwandikie."

"Mama, muda—"

"Mume wangu naye mlimwambia aje kesho."

Karani alivuta fomu. Jina la baba, jina la mama, tarehe, mhuri. Diploma alikichukua cheti wino haujakauka, akakimbia ukumbini akikipuliza, akakiweka mbele ya ofisa wa ajira saa tisa kasoro dakika mbili. Ofisa alitazama cheti, akatazama saa, akasikitika kwa kukosa sababu ya kumkataa, akasaini.

Diploma alilia palepale, bila aibu.

Kesho yake aliwahi kazini, mfanyakazi halali. Uwanjani kulikuwa na mawe tena. La kwanza lilikuwa na doa jekundu, na la pili, na la tatu, rangi bado mbichi. Watu wachache walikuwa wamesimama kando wakimtazama atafanyaje. Nyuma ya ofisi, mwashi alikuwa ameketi juu ya ndoo yake, msingi umekauka, ukuta unamsubiri.

Diploma akavuta toroli, akafungua daftari.

"Namba moja, doa jekundu," aliita. "Mwenyewe yupo?"

Akangoja kwa haki, muda wa kutosha mtu kujibu. Kisha akainama, akalibeba.

"Mwashi!" alipaza sauti. "Mawe yamefika!"